Nyota Chini ya Stika

Wewe uliona. Usianze kukuna kichwa na kuniambia ulikuwa mbali, au kuna mtu mrefu alikukinga. Ulikuwa safu ya tatu, kiti kinachotazama jukwaa moja kwa moja, na ilipofika dakika ya kutazama ukainamia simu ukajifanya umepata ujumbe. Mimi sisahau sura. Namkumbuka hata yule dada wa kilemba chekundu, msimu wa kwanza kabisa, mliyemtoa mashindanoni kwa sababu ati kucha zake ndefu zinampa faida. Mlicheka siku ile. Wewe pia ulicheka, tena ulipiga paja. Basi leo kaa kitako nikusimulie ya Kufuli na Kanuni, walivyopendana, na jinsi ulivyokaribia kuyazika mapenzi yao kwa kutazama pembeni.

Walikutana kwenye foleni. Ukumbi unaujua: ghorofa ya juu kabisa ya jengo la maduka, ukishapita wauza makava ya simu na duka la mabegi ambalo redio yake haizimwi. Siku ya kujiandikisha foleni ilishuka ngazi ikazuia watu wenye mizigo yao, na kelele zilikuwa za kuziba masikio. Mlangoni alisimama mwamuzi, kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, bisibisi imechomekwa mfukoni kama kalamu. Siku za kazi alikuwa fundi wa lifti. Jumamosi na Jumapili alikuwa mlinzi wa sheria za ukumbi, sheria alizoziandika mwenyewe, ndiyo maana kila mtu alimwita Kanuni.

Mbele yake akafika msichana wa gauni la jinzi na raba nyeupe, nywele mistari myembamba aliyojisuka mwenyewe mbele ya kioo, mkononi kitu kimeviringishwa kwenye taulo la saluni.

"Hiki nini, mtoto mchanga?" Kanuni akauliza.

"Padi yangu ya kuchezea. Na usiishike hivyo, utaiamsha."

"Jina?"

"Wananiita Kufuli."

"Kwa nini?"

"Ingia uwanjani ujaribu kunifungua."

Foleni nzima ikaguna. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mwamuzi kalala raundi ya kwanza!" Kanuni akajikaza asicheke, akaigeuza padi huku na huku, akabonyeza kila kitufe kama daktari anayetafuta panapouma.

Kwa wewe unayejifanya hujui mchezo, nikueleze, usije ukapata kisingizio kingine. Ni mchezo wa kupigana kwenye kioo. Watu wawili, mmoja kushoto, mmoja kulia, kila mmoja na mstari wake wa uhai juu. Ukipigwa mstari unapungua, ukiisha umelala. Ukumbini kuna mambo yaliyopigwa marufuku. Kuna kitufe cha kurudia, ambacho ukikishikilia kinapiga ngumi chenyewe mfululizo bila kidole kuchoka; wachezaji wanakiita cherehani. Kuna mpangilio wa ndani ya mashine unaomwongezea nguvu aliye dhaifu, uliowekwa ili mzazi acheze na mwanawe bila mtoto kulia. Huo unaitwa mbeleko, kwa sababu aliyewekewa amebebwa mgongoni. Halafu kuna kosa la kuondoka huku padi yako isiyo na waya bado imeunganishwa na mashine. Ukiigusa kwa bahati mbaya, hata ukiwa ngazini, mchezo wa wenzako unasimama na wewe unafukuzwa. Kwa hiyo ukimaliza lazima uitenganishe. Ila ukumbini hakuna anayesema kutenganisha. Wanasema kutoa talaka.

"Cherehani huna," Kanuni akasema, akimrudishia. "Mbeleko tutakagua mashine wenyewe. Na ukimaliza kucheza?"

"Natoa talaka. Nimesoma ukutani, baba wa kanuni." Akaiviringisha padi yake. "Wewe umeshatoa ngapi?"

"Za padi, nyingi. Mke, hata wa kumpa sina."

Kufuli akapita mlangoni bila kugeuka. Lakini shingo yake ilikuwa inacheka, na Kanuni aliiona.

Yaliyofuata ni ya simu, mpaka wakawa wapenzi. Kufuli alifanya kazi kwenye saluni ya dada yake, mkubwa wake aliyemlea, na simu ilikuwa inalia katikati ya vichwa vya watu.

"Uko wapi? Mbona nasikia mwangwi?"

"Niko ndani ya shimo la lifti, mpenzi."

"Na unanipigia mimi!"

"Nikidondoka, nataka sauti ya mwisho iwe yako."

"Ukidondoka nani atakagua padi? Shika kamba kwa mikono miwili, tutaongea ukitoka. Mwendawazimu wangu."

Dada mtu, sega mdomoni, akawa anatikisa kichwa. "Mwanamume wa kanuni huyo, mdogo wangu. Siku ukichelewa kuivisha chakula atakupa onyo la maandishi."

"Ataivisha mwenyewe, dada."

"Haya. Ila mtu anayetabasamu na kila mtu, mimi huwa namhesabia meno."

Neno hilo likamganda Kufuli. Tangu hapo akaanza kuhesabu. Aliona jinsi Kanuni alivyoinuka kitini Mwenye Ukumbi akiingia, mzee mnene wa suti ya kijivu na manukato yanayotangulia. Aliona Mpwa, kijana wa jaketi linalong'aa na miwani ya giza ndani ya nyumba, mtoto wa dada yake Mwenye Ukumbi, akimpiga Kanuni begani kama mtu anayempiga farasi wake. Alimwona mpenzi wake akicheka utani ambao haukuchekesha. Kila alipouliza, jibu lilikuwa moja: "Ni mwenye mahali, Kufuli. Nifanyeje, nimnunie?"

Na Kanuni naye alikuwa na kidudu chake moyoni. Alikuwa amekaa nyuma ya Kufuli akitazama vile vidole. Vilikwenda kwa kasi isiyosemeka. Jioni moja ya katikati ya wiki walikuwa kwenye mgahawa wa chini ya jengo. Kufuli akaenda kunawa. Aliporudi akachukua padi yake, akaigeuza chini juu.

"Skrubu hii haikukaa hivi."

Kanuni akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

"Ulifungua padi yangu?"

"Ni kazi yangu, mpenzi."

"Kazi yako ni Jumamosi. Leo ni nini?"

"Vidole vyako, Kufuli... Watu wanasema. Nilitaka kuhakikisha, ili nikisimama kukutetea nisimame na hakika."

"Na umeona nini?"

"Hamna kitu. Safi."

"Mimi tangu utoto nasuka vichwa vya watu, nywele tatu tatu, mpaka mteja anasinzia na kuamka. Ungeuliza tu, ningekwambia." Akaweka padi kwenye taulo. "Sasa na mimi nitakuwa nakukagua. Usishangae."

Alisema kwa kutabasamu, lakini hakumalizia chai.

Ikaja nusu fainali, Kufuli na Mpwa. Kwa Kufuli ile haikuwa siku ya kujifurahisha. Aliyeshinda fainali ndiye angekwenda kuuwakilisha mji kwenye mashindano makubwa, na hakuna mwanamke wa ukumbi ule aliyewahi kufika hata mlangoni. Yeye alikulia kwenye kumbi kama ule, akisukumwa kwenye benchi la nyuma, akiambiwa awashikie watu soda. Alitaka jina lake, hilo la Kufuli, liandikwe kwenye ubao wa juu kwa rangi ya mafuta, isiyofutika. Hicho tu.

Alikuta mashine ya jukwaani imependezeshwa. Kwenye kona ya juu kushoto ya kioo ilikuwa imebandikwa stika mpya, tangazo la betri, nyekundu na njano. Mpwa akajitupa kwenye kiti cha kushoto.

"Kushoto pangu. Mazoea."

Kanuni alikuwa ameshatoa sarafu mfukoni, ya kuamua nani achague kiti. "Sheria inasema turushe."

"Rusha ukirudi nyumbani, mwamuzi," Mwenye Ukumbi akasema kutoka kiti cha mbele, kwa sauti ya upole. "Watu wana haraka."

Kanuni akairudisha sarafu mfukoni. Kufuli aliona. Na wewe uliona.

Mchezo ulikuwa wa moto. Kufuli alijifunga kama jina lake, ngumi za Mpwa zikawa zinagonga mlango, halafu akafunguka mara moja: teke, kiwiko, na ule mtupo wake ambao ukumbi mzima ulishajua kuwa ukiingia, mtu halali nusu. Ukaingia. Kufuli akainua mikono. Mstari wa Mpwa ukashuka, ukashuka, ukagoma. Ukabaki mwembamba kama uzi. Mpwa akainuka, akampiga mara mbili, ngumi ambazo Kufuli angezivumilia siku yoyote, na mstari wake wa kulia ukaporomoka wote.

"Haiwezekani," Kufuli akasema. Akamgeukia Kanuni. "Mtupo ule unaua. Wewe unajua unaua. Umekagua mashine?"

"Nilikagua asubuhi. Kila kitu kilikuwa sawa."

"Nauliza sasa!"

Mwenye Ukumbi akachukua kipaza sauti, akakifuta kwa kitambaa kwanza. "Binti, mashine haina ugomvi na mtu. Labda tuvihoji vidole vyako. Jamani, vidole vya binadamu vinakwenda vile?"

"Cherehani!" mtu akapiga kelele. Kicheko kikapanda kama maji kwenye karo. "Ana cherehani! Atushonee suruali!"

Ikaamuliwa papo hapo, kama mambo yenu yote yanavyoamuliwa. Kufuli amepoteza mara moja, kwa hiyo anashuka njia ya chini. Akishinda huko atarudi kukutana na Mpwa fainali. Lakini kabla ya fainali padi yake ifunguliwe hadharani. Ikikutwa na cherehani, jina lake linafutwa milele. Kanuni alisimama pale na bisibisi yake mfukoni. Alikuwa ameshaifungua padi ile, alijua ni safi, na hakusema neno. Kufuli akavuta padi yake akaondoka.

Alifika ngazini akakumbuka mtandio wake. Akarudi. Ukumbi ulikuwa unamwagika watu. Akapita nyuma, kwenye korido ya stoo, na mlango wa stoo ulikuwa wazi kidogo. Maneno aliyoyasikia yalianzia katikati.

"...na huyo Kufuli?" Sauti ya Mwenye Ukumbi.

"Kufuli nimeshampa talaka." Sauti ya Kanuni, kavu. "Hana tena uhusiano na mambo ya hapa."

"Mapema hivyo?"

"Nilitaka yaishe leo leo."

Mpwa akacheka. Kufuli hakuchukua mtandio.

Siku zilizofuata simu ililia mpaka wateja wakaizoea. Kanuni alipopiga, Kufuli aliigeuza kifudifudi juu ya meza. Siku moja dada mtu akaishika.

"Haloo. Hapana, si yeye. Mimi ni mkubwa wake. Yuko mzima, anakula, ananenepa. Wewe nani? Aa! Ndiye wewe." Akakata. "Ana sauti ya huzuni, mdogo wangu, nakwambia ukweli. Lakini hata fisi usiku ana sauti ya huzuni."

Kufuli alisuka. Njia ya chini alishinda mechi zake zote kwenye mashine za pembeni, bila kusema na mtu, na Kanuni alipokuja kusimamia alimwonyesha mgongo. Moyoni alikuwa anapanga upya kila kitu: chai, shimo la lifti, mpenzi wangu. Vyote vikapata maana nyingine. Kumbe alikuwa anakaguliwa tangu mlangoni. Kumbe ile skrubu haikuwa hakika, ilikuwa kazi aliyotumwa.

Ijumaa, saluni imejaa, mlango ukafunguliwa akaingia mwanamume wa ovaroli lenye grisi mpaka magotini. Wanawake waliokuwa wakiongea wakageuka wote kwa pamoja.

"Karibu, kaka," dada mtu akasema. "Tunakusuka au tunakuosha?"

"Namtafuta Kufuli."

"Yule uliyempa talaka?"

"Talaka?" mama mmoja akainua kichwa chini ya mashine ya kukaushia nywele. "Ndoa ilikuwa lini, mbona hatukualikwa?"

Kanuni akatazama huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. "Talaka gani?"

Kufuli akageuka, uzi wa nywele umening'inia kidoleni. "Nilikusikia kwa masikio haya. Mlangoni kwa stoo. 'Kufuli nimeshampa talaka, nilitaka yaishe leo leo.' Mnacheka na mabwana zako."

Kwanza Kanuni hakuelewa. Kisha akaelewa, akakaa bila kukaribishwa kwenye kiti cha kuoshea nywele, akajishika paji la uso, akaacha alama ya grisi.

"Padi, Kufuli."

"Padi nini?"

"Padi yako! Uliondoka na hasira zako, ukaibeba bila kuitenganisha na mashine ya jukwaani. Mwenye Ukumbi alikuwa anasubiri. Ungeigusa tu kwenye begi, mchezo uliofuata ungesimama, na kwa sheria zangu mwenyewe ungefukuzwa hata njia ya chini. Nikaenda kwenye mashine nikaitenganisha. Akaniuliza, nikamjibu. Kwa lugha ya kule. Lugha yako wewe!"

Uzi ukamtoka Kufuli kidoleni. Ni yeye, si mwingine, aliyekuwa akiwafokea wageni mlangoni, "Wewe, toa talaka kabla hujaondoka!" Neno alilolitamka kila Jumamosi bila kufikiri lilikuwa limemwingia masikioni kama linavyomwingia mwanamke yeyote aliyeachwa.

"Ngoja kwanza," mama wa chini ya mashine akasema. "Kwa hiyo aliyeachwa ni nani sasa?"

"Padi, mama," Kanuni akasema.

"Padi nayo inaolewa?"

Kicheko kilichopasuka kilimwamsha mtoto wa mteja. Hata dada mtu aliweka sega chini. Kufuli alicheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki na kicheko kikaisha.

"Sawa. Hilo nimekosea mimi," akasema. "Lakini hujamaliza. Ulijua padi yangu ni safi ukanyamaza watu wakiniita cherehani."

Kanuni akainamisha kichwa. "Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Niliogopa wangesema namtetea mpenzi wangu."

"Basi ukamtetea nani?"

Kufuli akavuta kigoda, akakaa karibu yake, magoti yakikaribia kugusana, lakini macho yake yalikuwa ya mtu anayekagua.

"Nijibu kama mwamuzi. Mbeleko ikiwashwa, mashine inaonyesha nini?"

"Nyota ndogo. Juu ya mstari wa anayebebwa."

"Akiwa kushoto?"

"Kona ya juu kushoto."

"Na kona hiyo kwenye mashine ya jukwaani kuna nini?"

Kanuni akaanza kujibu. Akaacha. Mikono yake ya grisi ikashika kingo za kiti.

"Stika," akasema.

"Nani aliibandika?"

Dada mtu alizima mashine ya kukaushia ili asikie vizuri.

"Mimi. Baada ya kukagua. Mzee alinipa mkononi, akanionyesha kwa kidole. 'Hapa hapa,' akasema, 'mfadhili anapataka hapa.' Kufuli, wallahi sikujua."

"Nakuamini nusu."

"Nusu nyingine nikaitafute wapi?"

"Jumapili. Jukwaani. Usije ukaitoa stika ile ukiwa na mimi peke yetu, ukanibusu, ukadhani yameisha. Uitoe walipocheka."

"Wataninyang'anya kazi ya uamuzi."

"Mimi wameninyang'anya jina." Akasimama. "Na Jumapili utarusha sarafu. Ninataka kukaa kushoto."

Jumapili wewe ulikuja mapema, kwa sababu ulitaka kuona msichana akiaibishwa. Kufuli alivaa gauni refu la kijani na zile raba nyeupe, nywele amezifunga juu kama mtu anayekwenda kupika. Padi ikawekwa mezani. Kanuni akatoa bisibisi, akafungua skrubu moja moja, akaiweka wazi mbele ya wazee wa ukumbi. Walichungulia, wakachungulia tena.

"Hakuna cherehani," Kanuni akasema kwenye kipaza sauti. "Na nilijua hakuna. Niliifungua padi hii kabla ya nusu fainali, nikajua ni safi, na mlipomzomea nikanyamaza. Aibu hiyo ni yangu."

Mwenye Ukumbi akakohoa. "Haya, haya, tuendelee. Mpwa, kaa."

"Bado." Kanuni alikuwa ameshatoa sarafu. "Sheria inasema turushe."

"Mwamuzi, watu wana haraka."

"Leo hawana."

Aliirusha juu sana, ikang'aa kwenye taa. Kufuli akataja upande wake kabla haijashuka. Ikashuka upande wake.

"Nachukua kushoto."

Hapo ndipo. Hapo hasa. Mpwa akavua miwani yake ya giza kwa mara ya kwanza msimu mzima, akamtazama mjomba wake. Na Mwenye Ukumbi, mtu wa sauti ya upole, akaruka kutoka kitini kama aliyekalia moto.

"Hapana! Kushoto ni kwa Mpwa! Ngoja, ngoja kwanza, mashine ina... lazima irekebishwe kidogo..."

"Kina nini kiti cha kushoto, mzee wangu?" Kufuli akauliza. Alikuwa ameshakaa. "Kina mbeleko?"

Ukumbi ulinyamaza mpaka ile redio ya duka la mabegi ikasikika. Kanuni akapanda jukwaani. Akaweka ukucha wake chini ya ukingo wa stika ile ya betri, akaivuta. Ilitoka kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Na pale, juu ya mstari wa kushoto, ikawa inapepesa nyota ndogo ya njano, isiyozidi punje ya mchele, nyota ambayo kila mtoto aliyewahi kucheza na mzazi wake anaijua.

Ulikuwa safu ya tatu. Ilipepesa mara ngapi, wewe? Ulipata muda wa kutosha. Ndipo ukainama.

Mwenye Ukumbi akavuta waya ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Kioo kikawa cheusi. "Hitilafu!" akapiga kelele. "Hitilafu ya umeme! Fainali imeahirishwa!" Na nyinyi, watu wazima, mkakusanya mabegi yenu.

Kufuli na Kanuni walishuka kwa miguu. Fundi alikataa lifti, akasema ngazi ina maneno mengi zaidi. Katikati ya ghorofa mbili akasimama.

"Ile nusu nyingine," akasema. "Imefika?"

"Imefika. Imebaki robo, ya tahadhari."

"Basi sikiliza kabla sijaogopa. Nataka tuunganishwe kwenye mashine moja, mimi na wewe. Na ile sheria ya talaka, kwetu naifuta."

Kufuli akaegemea ukuta. "Unaniposa ngazini, una grisi kwenye kola, na dada yangu hayupo?"

"Nitakwenda saluni."

"Utakwenda na lile lile ovaroli. Yule mama wa chini ya mashine atataka kukuona." Akanyoosha kiganja. "Lete sarafu."

"Ya nini?"

"Tuirushe."

Kanuni akampa, mkono unatetemeka. Kufuli akaigeuza, akakagua upande mmoja, akakagua wa pili, akaishika kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayenunua kitu kwa tapeli.

"Kufuli, ikitua upande mwingine je?"

"Pande zote mbili ni ndiyo, mwendawazimu wangu. Nilitaka tu nikuone ukitetemeka."

Harusi yao ni mwezi ujao, na dada mtu ameshaanza kugombana na mshona nguo. Mapenzi yao hayahitaji msaada wako.

Jina la Kufuli ndilo linalouhitaji. Nenda kasome ubao wa juu. Limeandikwa la Mpwa, kwa rangi ya mafuta. La Kufuli limechorwa mstari kwenye orodha ya wachezaji, na la Kanuni halipo tena mlangoni: wote wawili wamefungiwa kwa kosa la kuharibu mali ya mfadhili. Mali hiyo ni stika. Ile nyota, tangazo linasema, ilikuwa mng'ao wa taa kwenye kioo, na hakuna mtu ukumbini aliyejitokeza kusema vingine. Mpwa ndiye anayekwenda kuuwakilisha mji, anaondoka wiki hii, amebebwa mgongoni.

Lakini simu uliyoiinamia, mimi niliiona. Ile alama nyekundu ya kurekodi ilikuwa inawaka tangu sarafu iliporushwa, na uliipakata mapajani bila kuizima, kioo cha kamera kikitazama jukwaa. Unayo. Umeitazama peke yako, chumbani, zaidi ya mara moja, ukasimamisha picha kwenye kona ile, ukakuza. Yule dada wa kilemba chekundu hakupata shahidi, na mpaka leo ukikutana naye unavuka barabara. Usivuke tena. Itoe simu mfukoni. Fungua. Peleka ile video kwa kila uliyekaa naye safu ya tatu, kwa mfadhili wa betri, kwa waandaaji wa mashindano makubwa, na chini yake andika jina lako kamili. Usingoje kumaliza chai. Sasa hivi, nikikutazama.